"Umulete mwaka kesho": mtoto mwenye ulemavu mlangoni pa shule

Mada iliyotolewa katika semina ya wakuu wa shule za msingi, Kalemie, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo



1. Maana ya maneno

Nimeombwa nianze kwa kueleza ulemavu ni nini. Hapa sote ni walimu, sitakawia. Upo ulemavu wa viungo, wa macho, wa masikio na wa akili. Yupo pia mtoto mwenye mwili mzima lakini moyo umeumia. Mapigano ya jamii za Watwa na Waluba ya 2016 na 2017, yaliyoleta wakimbizi wa ndani kandokando ya mji huu, yametuachia wengi: anayeshtuka mlango ukigongwa, anayepiga wenzake, asiyesema neno tangu Septemba hadi Krismasi.

2. Sheria

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kinasema elimu ya msingi ni lazima, na ni bure katika shule za serikali. Elimu hiyo ya bure ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria, basi, tunazo.

3. Tatizo

Hapa naomba mnivumilie. Miaka mingi nimesindikiza wazazi shuleni, na sijamsikia mkuu hata mmoja akisema "nakataa". Husema: "Mama, umulete mwaka kesho." Mwaka kesho ukifika, nafasi zimejaa. Mwaka wa tatu, mtoto amepita umri. Mama mmoja alimbeba mwanawe mgongoni misimu mitatu ya uandikishaji. Nilipomuuliza alipewa karatasi gani, alinionyesha viganja vitupu.

Nikapeleka malalamiko ofisini. Nikaulizwa: "Ushahidi uko wapi?" Sikuwa nao. Neno la mdomo halina tarehe wala sahihi. Inspekta akija, anasoma daftari la walioingia; waliorudishwa mlangoni hawamo. Basi ripoti inapanda Kinshasa ikionyesha kwamba watoto hao hatuna, na wasiokuwepo hawatumiwi mwalimu wala kitabu cha nukta nundu.

Mwenye moyo ulioumia naye hafukuzwi. Huambiwa "apumzike kidogo nyumbani", na hakuna anayemwita tena. Wengine huishia kwenye chumba cha maombi, kwa kuwa jirani amesema wana pepo.

Silaumu walimu. Mwenye darasa lililofurika, na mshahara ambao haujaanza kutoka, ana sababu ya kuogopa. Naomba tu sababu hiyo iandikwe.

4. Mapendekezo

1. Shule isiyompokea mtoto impe mzazi barua yenye sababu, tarehe, sahihi na muhuri.
2. Lifunguliwe daftari la waliorudishwa.
3. Inspekta asome madaftari yote mawili.
4. "Apumzike" iandikwe pamoja na tarehe ya kurudi.
5. Asiyesikia vizuri akae mbele. Mwenye magongo apewe darasa lisilo na ngazi. Hayo hayangoji bajeti.
6. Serikali ya jimbo itazame uwezekano wa kuwafundisha walimu, kadiri njia zitakavyoruhusu.
7. Kila kamati ya wazazi iwe na mzazi wa mtoto mwenye ulemavu.
8. Narudia la kwanza: barua.

Mkuu mmoja aliniambia kwamba barua kama hiyo ataona haya kuitia sahihi. Ndiyo maana ninaiomba.