Mashine Haijisomei Picha



Tangu Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, tumezoea kuyapima maendeleo kwa majengo na mitambo. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mashine ya altrasaundi hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, ikapokea mwangwi wake na kuchora picha. Kuipata picha iliyo sahihi, na kuielewa, ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Kwetu jambo hili si anasa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wasichana 45 katika kila 100 wa Katavi, wenye umri wa miaka 15 hadi 19, walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Hakuna mkoa uliotuzidi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mja mzito apimwe kwa altrasaundi japo mara moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho huonyesha umri wa mimba na mapacha. Baadaye huonyesha kondo lililoziba njia ya uzazi. Mpimaji asipoliona kondo hilo, mama wa Karema au Mishamo atachelewa kupewa rufaa, naye aweza kufa kwa kutokwa damu.

Utaalamu huu hujengwa kwa ngazi. Kijana aliyefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika kidato cha nne husoma stashahada ya radiografia kwa miaka 3, kisha aweza kuendelea na shahada. Daktari husoma miaka 5, hufanya mazoezi ya kazi mwaka 1, ndipo huingia masomo ya ubingwa wa radiolojia. Mkunga aliye kazini aweza kufundishwa vipimo vya msingi vya uzazi. Lakini mafunzo mafupi yasihesabiwe kuwa ubingwa, naye asiachwe bila msimamizi.

Basi wajibu wetu ni upi? Mwalimu wa Fizikia wa Mpanda afundishe mwangwi akijua kwamba humo darasani yumo mpimaji wa kesho. Mwajiri ampeleke mtumishi masomoni kwa mpango, na arudipo ampe cheo, nyumba na kazi inayolingana na elimu yake. Tukimsomesha kisha tukamsahau, atahamia mjini, na mashine itabaki imefunikwa kitambaa.