DATA ZA KUIJARIBIA PROGRAMU YA WANACHAMA



Kamati yetu ya Hesabu imetakiwa ieleze kwa nini daftari la wanachama halikukabidhiwa kwa mafundi wanaotuandikia programu ya kompyuta. Wajumbe wameuliza, na ni haki yao, programu itajaribiwaje pasipo majina na hesabu zetu wenyewe.

Nakala ya daftari ndiyo njia nyepesi, maana ina kila kituko cha miaka kumi. Lakini humo mna deni la pembejeo la kila mkulima, namba yake ya simu, na jina la mrithi aliyemteua, jambo ambalo pengine hata mkewe hajaambiwa. Yakisambaa hayo hayazoleki. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yatubana.

Wengine walishauri majina yafutwe tu. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za watumishi wake zilizoondolewa majina. Mwanafunzi Latanya Sweeney alizilinganisha na daftari la wapiga kura, akamtambua Gavana William Weld kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Kwetu hata hayo hayahitajiki: ukitaja mjane mwenye mibuni mia mbili kando ya mto, nani hatamjua?

Kwa hiyo tumechagua data za kubuni. Makarani waliozoea mizani waliketi pamoja na mafundi, wakavitaja visa vinavyowasumbua: wanachama wawili wenye jina moja na baba wa jina moja, mzee aliyeandikishwa kwa mwaka tu, bila siku wala mwezi, aliyezaliwa 29 Februari, marehemu ambaye kahawa yake yaletwa na wanawe watatu, makato yaliyozidi malipo. Kila kisa kilitungiwa mwanachama asiyekuwapo duniani (makarani walifurahia sana kuwapa majina), na jawabu likapigwa kwanza kwa mkono, ili programu ikikosea ionekane.

Upungufu upo. Kisa alichokisahau karani hakitajaribiwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya msimu, programu itapitishwa mara moja katika daftari halisi, ndani ya ofisi ya Chama Kikuu, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, makarani wetu wakisimamia. Malipo yatalinganishwa na ya msimu uliopita, na nakala itafutwa siku ile ile.

Twaviomba vyama vya msingi vituletee visa zaidi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuvisimulia tu, pasipo kutaja mtu wala mahali.