Chukueni Maji ya Kurudi

(Mazungumzo na vijana wa Mkunya wanaojiandaa kushuka bonde la Ruvuma na kupiga kambi)



Nimesikia kuwa mnataka kutembea kwa miguu mpaka bonde la Ruvuma, mlale huko, kisha mrudi. Ni jambo jema. Nchi yako uijue kwa miguu yako. Mimi sikuja kuwatisha. Nimekuja na neno moja tu: chukueni maji ya kurudi.

Mtasema, "Mzee, hapa si jangwani." Kweli, mvua tunapata, tangu Desemba mpaka Aprili. Lakini mchanga wetu unayanywa maji yote, yanazama chini kabisa. Huku juu hakuna mto. Maji hutokea kule chini, kwenye miteremko na mabondeni. Basi kuanzia Juni mpaka Oktoba, mtu anayetembea huku juu bila maji yuko jangwani, hata kama amezungukwa na mikorosho.

Je, kwa nini wazee wetu walikaa pasipo na maji? Karne ya 19 mabondeni kulikuwa na hatari. Walikuwako wavamizi wa Kingoni, walikuwako wakamata watumwa. Vichaka vya huku juu viliwaficha watu. Usalama waliupata, lakini waliulipia kwa miguu. Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Newala mwaka 1906. Naye aliandika jinsi watu walivyokaa mbali na maji. Mradi wa maji ya bomba ulianza miaka ya 1950. Kabla ya hapo, na hata baadaye bomba lilipokauka, mama zetu walishuka na mitungi na madebe, wakapanda na mzigo kichwani. Bibi yangu alikuwa akisema, "Kushuka ni mchezo. Safari ni kupanda."

Mimi sikumsikia bibi. Siku moja ya Oktoba, nikiwa kijana kama ninyi, nilishuka na mwenzangu. Chini tukanywa, tukaoga, tukajaza dumu letu. Tulipoanza kupanda tukaona dumu zito. Tukacheka, tukamwaga nusu.

Saa sita mchana tulikuwa katikati ya mteremko na maji yamekwisha. Mwenzangu aliacha kusema. Halafu akaanza kusema ovyo, akaniita kwa jina la kaka yake. Mwili wake ulikuwa moto kama jiko. Nikamkalisha kivulini, nikapiga kelele.

Akatokea mama mmoja anapanda na ndoo yake ya maji. Hakuuliza kitu. Alimmwagia mwenzangu kichwani na kifuani, akalowesha kitenge chake akampepea. Fahamu zilipomrudia akamnywesha kidogo kidogo. Ndoo ikaisha. Maji yale yalikuwa ya watoto wake. Mama yule akageuka, akashuka tena bondeni na jua lile lile.

Mwenzangu alipona. Lakini mpaka leo namwona yule mama akishuka. Sisi tulimwaga maji kwa uvivu, yeye akayalipa kwa miguu yake. Ndugu zangu, asiyechukua maji ya kurudi, mwingine atambebea.

Sasa basi, tufanye nini?

Kwanza, pimeni maji. Mtu anayetembea na mzigo juani anaweza kutoka jasho la lita moja kwa saa moja. Gaweni maji yenu mafungu mawili, ya kwenda na ya kurudi. La kurudi lisiguswe. Msitegemee mabibo njiani. Ni matamu, lakini si maji ya safari.

Pili, tembeeni alfajiri na jioni. Ndivyo wafanyavyo wenyeji wa majangwa. Mchana kaeni kivulini.

Tatu, tazamaneni. Mkojo ukiwa mchache na mweusi, kichwa kikiuma, mtu akiona kizunguzungu, simameni. Changanyeni lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole. Akianza kusema ovyo na mwili ni moto, mlazeni kivulini, mloweshe mwili wote, kisha apelekwe haraka kwenye zahanati. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Nne, kambi. Msilale ukingoni mwa Ruvuma. Mna mamba na viboko. Msilale ndani ya mkondo mkavu, maana mvua ya mbali inaweza kuleta maji usiku. Maji ya mto yachemsheni. Fyekeni mahali pa moto, na asubuhi uzimeni kabisa. Cheche moja inaweza kuunguza mikorosho ya mtu na jasho lake la miaka.

Tano, mawe. Najua wengine mnatamani baadaye kupanda milima ya mawe ya Masasi. Jiwe la mchana huchoma mkono, jiwe la mvua huteleza, na nyufa zina nyuki. Tena kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Usipande mahali ambapo huoni utashukaje.

Na kiongozi wenu ajue kusimama. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi kwa miguu na watumwa waliokombolewa. Nia yake ilikuwa kwenda mbele, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya mawe yale, watu walikuwa wamechoka, na nchi waliiona nzuri. Wakataka kukaa. Askofu akakubali, na kijiji kikaanza pale. Kiongozi mwema hapimi safari kwa nguvu za miguu yake, hupima kwa yule aliyechoka.

Haya, nendeni salama. Mkikutana na mama amebeba ndoo, mpisheni njia, mwamkieni. Na mkirudi na maji yamebaki, msiyamwage. Mpeni yeye.