Kabla ya Kuandika Faini, Bisha Mlango

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Thika na Ruiru)

  Leo sitasema juu ya kuku wala ng'ombe wa maziwa. Nitasema juu ya wasiwasi.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa Ruiru, muuza mboga, aliacha kuja mkutanoni. Kikundi kikamtoza faini. Akakosa tena, faini ikaongezwa. Mara ya tatu tukasema, "Huyu anakwepa deni." Nasema "tukasema" kwa maana hata mimi nilikuwapo, na sikumtetea.

Nilipomtembelea nilimkuta amekonda. Akaniambia, "Dada, siku ya mkutano ikikaribia moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, kifua kinabana. Usiku silali. Naogopa nitaanguka mbele ya watu." Hospitali walikuwa wamempima moyo na presha, hawakuona ubaya. Na pesa za mkopo? Alikuwa nazo, zimefungwa kwenye leso.

Wapendwa, wasiwasi si uvivu wala si kurogwa. Kila mtu huwa nao: karo, kodi ya nyumba, mvua imechelewa. Mwili unajitayarisha kukimbia hatari, ndiyo maana moyo unapiga kwa nguvu. Unakuwa ugonjwa ukikaa miezi na kumzuia mtu kazi, usingizi na watu wake. Dalili nyingine ni jasho, tumbo kuvurugika, shingo kukaza, hasira za haraka na mawazo yasiyotulia.

Lakini usijipime mwenyewe. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na wa moyo huleta dalili kama hizo. Kifua kikiuma, nenda hospitali kwanza.

Sasa tufanye nini?

Moja, pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa polepole ukihesabu hadi 6. Endelea dakika chache. Hofu ya ghafla hupanda, halafu hushuka yenyewe.

Mbili, punguza chai ya rangi kali na kahawa. Najua hapa kwetu ni nchi ya kahawa, lakini inauharakisha moyo. Pombe na miraa nazo zinadanganya: leo nafuu, kesho wasiwasi umezidi.

Tatu, usijifiche. Ukikikwepa kile unachoogopa, hofu inanenepa. Kirudie kidogo kidogo.

Nne, igawanye shida. Andika ile unayoweza kuitengeneza wiki hii, uanze na hiyo.

Msidhani haya ni ya madaktari peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake 421 wa viunga vya Nairobi waliowahi kudhulumiwa. Wahudumu wa afya wa jamii, watu kama ninyi waliopewa mafunzo, walikutana na baadhi yao, kila mmoja mara 5: pumzi, kutatua shida, kurudia shughuli, kutafuta wa kumtegemeza. Wanawake hao walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida tu.

Asiyepata nafuu apelekwe kliniki. Matibabu yapo, ya mazungumzo na ya dawa. Na mtu akisema hataki kuishi, msimwache peke yake hata saa moja. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama je? Wanakikundi wawili walimfuata nyumbani, wakaja naye. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango dakika 10, akaenda zake. Mkutano uliofuata alikaa nusu saa. Leso ikafunguliwa, deni likalipwa, na kikundi kikafuta faini yote.

Basi ombi langu ni moja. Sheria za kikundi zibaki, lakini mtu akikosa mara mbili, kabla mwandishi hajaandika faini, tumeni watu wawili wakabishe mlango.