Elimu ni Yako, Ruhusa ni ya Mwajiri





Nimeombwa niseme machache juu ya safari ya Marekani kwa kazi ya kompyuta. Majumbani mwetu wamo wazazi wanaotaka kuuza kiwanja ili mtoto akasome huko, wakiamini ya kwamba wataalamu huko hawatoshi, na asomaye hakosi kazi.

Yafaa tuijue ruhusa yenyewe. Yaitwa H-1B, nayo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1990. Kwa makampuni, kiasi cha mwaka ni 65,000, na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Waombewao huzidi sana hesabu hiyo, basi hupigwa kura. Tena mwenye kuomba si kijana, ni mwajiri. Muda wake ni miaka 3, aghlabu huongezwa hata 6. Akiachishwa kazi, hupewa siku zisizozidi 60 apate mwajiri mwingine, ama aondoke. Na Septemba 2025 ilitoka amri ya Rais kumtaka mwajiri atoe dola 100,000 kwa maombi mapya ya mtu aliye nje ya nchi.

Je, upungufu huo ni wa kweli? Hapana shaka huwa wa kweli, lakini haudumu. Biashara ilipostawi, kiasi kilipandishwa kufikia 195,000 tangu 2001 hata 2003. Mwaka 2004 kikarudi 65,000. Novemba 2022 kampuni ya Meta peke yake iliwaachisha watu zaidi ya 11,000, na wageni wenye ruhusa hii wakiwamo.

Kijana wa ndugu yangu alihitimu huko. Mwajiri wake alimwombea mara 3, kura isimwangukie, akarudi. Kwa miezi mingi aliona haya kuja msikitini, kwa kuwa wengi wetu tulichangia nauli yake, nasi tulimtazama kama mtu aliyefukuzwa. Ndugu zangu, aibu ile ilikuwa yetu, si yake.

Simkatazi mtu kusafiri. Nasema kiwanja kisiuzwe kwa kutegemea kura. Na kijana akirudi, tusimwulize kosa lake. Tumwulize alichojifunza, kisha tumpe watoto wetu awafundishe. Ruhusa huisha siku zake. Elimu hurudi na mwenyewe.