Barua ni Bure, Kopi Ndiyo Hulipiwa

(Mazungumzo ya kamati yetu ya maji mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuseme machache juu ya habari zilizo katika ofisi za serikali: nani anaweza kuziomba, aombe kiasi gani, na alipe nini. Sisi si mawakili. Tutawaeleza yale tuliyojifunza kwa kutembea.

Kijijini kwetu tulichimbiwa kisima, tangi likajengwa, mabomba yakalazwa hadi nusu ya njia, basi. Mkandarasi akaondoka. Tulipouliza tukaambiwa kazi imekwisha. Imekwishaje, na zahanati haina maji? Akina mama wanaojifungua hapo bado wanakuja na mtungi kutoka nyumbani.

Tukaandika barua kwa ofisi iliyohusika: “Tunaomba makaratasi yote ya maji tangu mradi uanze.” Tuliona tumeandika barua kali. Mweka hazina wetu akaipeleka. Karani akaisoma, akatikisa kichwa.

“Mama, faili hizi ni nyingi. Kuzitafuta ni kazi. Leteni elfu tano kwanza.”

“Sawa, kijana wangu. Nitapata risiti?”

“Risiti ya nini tena, Mama?”

Akarudi nyumbani na barua yake. Jioni hiyo tulikaa kikao kirefu. Wengine walisema tuchange, kila mtu atoe mia mbili. Wengine walisema tuachane na maneno haya. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wetu, akatuletea sheria yenyewe.

Sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Halafu mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Kupata Habari. Kuhusu pesa, sheria hiyo haina mafumbo. Kupeleka ombi hakulipiwi hata senti. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa kopi na, ikibidi, ya kukufikishia. Kazi ya kutafuta faili haimo. Afisa wa habari anayetoza kupita gharama hiyo anatenda kosa, na anaweza kupigwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kufungwa muda usiozidi miezi mitatu, au yote mawili.

Kwa hiyo ile elfu tano haikuwa ada. Ilikuwa mlango uliofungwa.

Wako wanaosema ada kubwa ni nzuri, kwamba inapunguza wasumbufu. Nchi ya Ireland ilijaribu. Mwaka 2003 waliweka ada ya yuro 15 kwa kila ombi, na maombi yakapungua sana. Lakini ada haijui nani msumbufu na nani ana shida ya kweli. Inajua tu nani hana pesa. Mwaka 2014 waliiondoa ada hiyo ya kuomba.

Lakini, ndugu zetu, tuseme ukweli wote. Barua yetu ya kwanza nayo ilikuwa na kasoro. “Makaratasi yote” ni mzigo wa gunia. Ofisi ina karani mmoja na mashine moja, na nyuma yetu kuna mwananchi mwingine anayengoja. Uingereza wameweka kipimo cha kazi: ofisi huhesabu kila saa ya kutafuta kuwa paundi 25, na kwa ofisi za mitaa kazi ikipita saa 18 ombi laweza kukataliwa, ila ofisi inapaswa kumshauri mwombaji namna ya kulipunguza. Sheria yetu ya 2016 inampa afisa siku 21 za kujibu. Habari zikiwa nyingi, anaweza kuongeza siku 14, mara moja tu. Likiwa jambo la uhai au uhuru wa mtu, jibu ni ndani ya saa 48.

Basi ukubwa wa ombi tuupunguze wenyewe, kabla haujawa kisingizio. Barua yetu ya pili iliomba mambo manne: mkataba unasema kazi gani ifanywe, kwa pesa ngapi, na nani, na imalizike lini. Mambo haya sheria inaitaka ofisi iyatangaze yenyewe mara mkataba unapotiwa sahihi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ni siri.

Siku ya 19 jibu likaja. Kurasa tisa, shilingi kumi kwa ukurasa. Tisini tu, na risiti juu. Ukurasa wa nne ulisema mabomba yafike zahanati.

Maji bado hayajafika. Lakini fundi wa serikali amekuja kupima ile njia iliyobaki, na hakuna tena anayetuambia kazi imekwisha.

Kabla hamjaandika barua yenu, shikeni haya:

1. Andikeni kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika aseme kwa mdomo. Afisa anapaswa kumwandikia na kumpa kopi.

2. Tajeni mradi, mahali, mwaka na karatasi mnayotaka. Sababu si lazima muieleze.

3. Msiombe mambo ya ndani ya watu, kama ugonjwa wa mtu, wala siri za ulinzi wa nchi. Hayo yana mipaka.

4. Bakini na kopi ya barua iliyopigwa mhuri na tarehe. Siku mnahesabu kuanzia hapo.

5. Mkiambiwa mlipe, ulizeni ni kurasa ngapi, na mdai risiti. Habari ambazo ofisi inatakiwa kuzitangaza yenyewe, kuzitazama hapo ofisini ni bure.

6. Siku 21 zikipita kimya, hesabuni mmekataliwa. Mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ofisi ya Ombudsman.

Na la mwisho, linatuhusu sisi wenyewe. Mwanachama akitaka kuona daftari la pesa la kikundi, je, tunamwonyesha, au tunamwambia aje kesho? Tusidai kwa serikali kitu tunachonyimana nyumbani.

Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni mradi gani hapa kwetu ambao hatujui uligharimu kiasi gani?
– Tukiruhusiwa karatasi moja tu juu yake, tungeomba ipi?
– Nani ataandika barua, nani ataipeleka, na nani atahesabu siku?