Kumuaga Babu, Askari Mgambo wa Kigongo

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nilipoombwa kuzungumza nilidhani natakiwa kueleza habari za utumishi serikalini. Katibu wetu akaniambia hapana, habari hizo husikika kila mwaka na wanafunzi husinzia. Basi nitawaeleza jinsi tulivyomzika babu yangu kule Kigongo, miezi michache baada ya daraja la kwenda Busisi kufunguliwa tarehe 19 Juni, 2025.

Babu alikuwa mvuvi. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa na miaka 42, mke na watoto sita. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilitangazia Taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wazee mlio hapa mnakumbuka redio zilivyozungukwa. Babu alikuwa amepata mafunzo ya mgambo. Akaitwa, akaenda. Alirudi mwaka 1979, baada ya Kampala kutekwa tarehe 11 Aprili, akakuta foleni za sukari na sabuni, pamoja na ile miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo, kama mjuavyo, haikuishia kwenye miezi 18.

Habari za vita hakusimulia, isipokuwa ile ya swala. Tarehe 29 Machi, 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosea shabaha, ikaua swala katika kisiwa cha Saa Nane. Bibi alikuwa akimtania: "Wewe ulikwenda vitani, mabomu yakatufuata sisi nyumbani!" Babu alicheka mpaka akajifuta macho. Zaidi ya hapo, kimya. Nilipokuwa Chuo Kikuu nilimwendea na daftari kumuuliza. Aliniuliza kama nimekula.

Alipofariki, ndugu walibishana. Wengine walitaka jeneza lifunikwe bendera ya Taifa na risasi zipigwe hewani. Wakanigeukia mimi, kana kwamba mtu akiwa serikalini huweka risasi katika droo ya meza yake. Niliwajibu kwamba heshima hizo zina utaratibu wake, na utaratibu haubuniwi msibani. Baba mdogo alinuna mpaka jioni. Mimi nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, na penye vita nikaandika mstari mmoja tu, maana ndio tuliokuwa nao.

Asubuhi ya maziko alifika mzee mmoja kutoka upande wa Sengerema, amevaa koti zito na kushika mkongojo. Akasema amevuka ziwa kwa dakika chache tu juu ya daraja, tena kwa gari, na kwamba mwaka 1978 walipofika Kyaka walikuta daraja la mto Kagera limebomolewa na adui. Kisha akaomba kusimama mbele ya watu.

Alieleza kwamba walipoingia ng'ambo ya Kagera, baada ya adui kurudi nyuma, walikuta vijiji vimechomwa, ng'ombe wamechukuliwa, na raia waliouawa bado wamelala nje. Kikosi chao kikapewa kazi ya kuzika. Babu alichimba siku mbili. Baadhi ya waliozikwa walikuwa watoto, na kwa hao alikataa kuwazika wawili katika shimo moja, hata alipoambiwa muda hautoshi.

Ndugu zangu, pale msibani watu waliinamisha vichwa. Kijiji chote kinajua kwamba Babu hakukosa kuchimba kaburi la mtu yeyote Kigongo, awe ndugu, mgeni au mlevi aliyeokotwa ufukweni. Alikuja na sepetu lake mwenyewe, akaanza kabla ya vijana kufika, na hata alipozidiwa na uzee alikaa kitini kando ya shimo akikagua pembe. Sisi wajukuu tuliona ni ukaidi wa wazee.

Yule mzee hakupiga saluti wala hakulia. Aliuliza sepetu liko wapi. Likaletwa, akatupia udongo mara tatu, akampa baba mdogo, aliyekuwa bado amenuna. Baba mdogo akalipokea, na hakuliachia mpaka kaburi likajaa.

Jioni nilimsindikiza mzee hadi kituo cha gari. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi nakwisha. Kama una kalamu, andika sasa." Tuliketi kwenye benchi, akapitwa na magari mawili. Ziko kurasa nane. Nakala moja nimemkabidhi Mkuu wa Shule leo asubuhi ili iwekwe katika maktaba.